Utambi wa Gunia Moja

Saa mbili asubuhi mishumaa ilianza kuota kutoka sakafuni.

Haikuwa mishumaa ya nta. Ilikuwa ya mwanga, mirefu kuliko mtu, na ilichipuka mmoja mmoja katikati ya Ukumbi wa Soko Kuu la Korosho, jijini Mtwara. Kila mshumaa ulikuwa habari ya saa moja ya biashara. Ulirefuka, ukafupika, ukageuka kijani, ukageuka mwekundu, kisha saa ilipokwisha ukatulia na kusogea kando ili kuupisha mwenzake. Kufikia jioni ukumbi mzima ulikuwa umejaa mwanga uliosimama kwa mistari, kama watu walionyooka kwenye safu za swala.

Kati ya mishumaa vilipita vibebeo. Hizo zilikuwa roboti fupi zenye mikono minne, zilizopokea magunia kutoka kwenye malori yasiyo na dereva, zikayaweka kwenye bamba la kupimia, zikayapeleka ghalani. Wakulima hawakuja tena sokoni. Walibaki majumbani kwao Newala, Tandahimba na Nanyamba, na bei iliwafikia mkononi, kwenye bangili ndogo iitwayo kikuku cha bei. Wanunuzi nao walikuwa mbali, wengine ng'ambo, na wengi wao hawakuwa watu bali akili unde zilizonunua kwa niaba ya watu. Ndani ya ukumbi ule mkubwa hakuna aliyepiga kelele. Hakuna hata aliyepiga chafya.

Somoe Nangomwa aliyatazama yote hayo kutoka ghorofa ya juu, nyuma ya kioo. Alikuwa amejitanda upande wa kanga mabegani kwa sababu ya baridi ya mitambo. Kanga ilikuwa ya marehemu mama yake, imepauka kiasi kwamba maandishi yake hayakusomeka tena. Somoe alikuwa ametoka chuoni na shahada ya takwimu, na soko lilimchukua kwa majaribio kama mkaguzi mwanafunzi. Hesabu alizijua. Soko hakulijua. Alilijua la utotoni tu, ambalo halikufanana na hili hata kidogo.

Mwalimu wake alikuwa Mizani, akili unde iliyoendesha ukumbi.

"Anza na kiwiliwili cha mshumaa," Mizani ilisema siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. "Ncha moja ni bei ya kufungulia, ncha ya pili ni bei ya kufungia. Ukiwa kijani, bei ilipanda. Ukiwa mwekundu, ilishuka. Sasa tazama juu yake. Unaona uzi mwembamba?"

"Nauona."

"Huo ni utambi. Unafika pale bei ilipofika juu kabisa, hata kama ilikaa hapo kwa kupepesa jicho tu. Na chini kuna utambi mwingine, unaonyesha bei ya chini kabisa."

"Mshumaa wenye utambi juu na chini," Somoe alisema polepole. "Nyumbani tungesema umeharibika."

Mizani haikucheka. Haikuwa imefundishwa kucheka. "Nyumbani, ndiyo," ilijibu. "Sasa unyooshe mkono uguse."

Aliunyoosha. Mshumaa ulikuwa na joto kama ubavu wa mnyama aliyelala.

"Joto hilo ni kiasi," Mizani ilieleza. "Magunia mengi yakiuzwa, mshumaa unapata joto. Machache yakiuzwa, unapoa. Usiitazame bei bila kugusa kiasi. Bei peke yake ni maneno. Kiasi ndicho kinachokuambia ni wangapi waliyaamini."

Somoe alilipenda somo hilo. Alipenda pia namna Mizani ilivyorudia bila kuchoka, kwa sababu alikuwa mtu wa aibu na chuoni alikuwa akiondoka na maswali yake tumboni kuliko kuyauliza mbele ya wenzake. Kwa Mizani aliuliza yote. Ndivyo alivyojifunza kwamba bei anayotaja mnunuzi inaitwa zabuni, na ile anayoitaka muuzaji inaitwa ombi, na kwamba kati ya hizo mbili huwa kuna pengo.

"Nionyeshe pengo," aliomba.

Mizani ilichora mistari miwili ya mwanga hewani. "Hivi ndivyo ilivyokuwa enzi za minada ya sauti. Huu ni mstari wa wanunuzi, huu wa wauzaji. Tazama umbali ulioko kati yake."

"Na leo?"

Mistari ilisogeleana, ikagusana, ikawa mmoja. "Leo halipo," Mizani ilisema. "Nililiziba. Pengo ni muda unaopotea."

Moyoni Somoe alijua vizuri kilichokuwa kikifanyika ndani ya ule muda unaopotea, kwa sababu yeye alikulia humo. Mama yake, Bi Esha, alikuwa mpiga mnada wa ukumbi huu huu. Alisimama juu ya kreti lililofunikwa gunia, kanga imefungwa kiunoni, mkono mmoja juu. Wanunuzi walikaa upande wa dirishani, wakulima upande wa mlangoni, na katikati ndipo palipokuwa na maisha. Watu walitaniana hapo, walipiga kahawa, walishikana mashati na kupatana. Sauti ya Bi Esha ilipita juu yao wote: "Bado! Bado! Nasema bado!" Na alipoona pande zote mbili zimechoka na zimeridhika, alipiga kofi moja: "Imekwenda!" Somoe alikuwa chini ya kreti, anatafuna korosho za kukaanga, anahesabu viatu. Hadi leo harufu ya moshi wa maganda ya korosho ilimrudisha chini ya lile kreti kabla hajajizuia.

Mama alifariki Somoe akiwa darasa la tatu. Miaka michache baadaye ukaja mfumo mpya, na kreti likaondolewa.

*

Injinia Batromeo Hokororo, mkuu wa mitambo, alikuwa mwanamume mnene, mwepesi wa kucheka, aliyetembea na karanga mfukoni. Alimfuata Somoe mwishoni mwa wiki ya mafunzo.

"Dada Somoe, Mizani inakusifu. Inasema unauliza kama mtoto."

"Ni sifa hiyo, Injinia?"

"Kwake ni sifa. Kwa mke wangu ingekuwa ugomvi." Alimmiminia karanga kiganjani. "Sasa sikiliza, kazi yako ya kwanza ya kweli ni hii. Msimu huu Bodi inataka Mizani iendeshe soko peke yake, bila mtu kuidhinisha bei. Lakini kwanza kumbukumbu za zamani zisafishwe, kwa sababu ndizo inazojifunzia. Njoo uone."

Aligusa kioo. Ukumbi chini ukabadilika. Mishumaa ya leo ilisogea upande mmoja wa ukumbi, na mahali pake ikaota mishumaa ya enzi za sauti, mmoja kwa kila siku ya mnada. Ilikuwa na viwiliwili vinene, vyenye joto. Lakini hapa na pale, juu ya mshumaa wa kawaida kabisa, ulisimama utambi mrefu ajabu, mwembamba kama unywele, uliopanda hadi karibu na dari.

"Unaona vitu hivyo? Bei maradufu, siku ambayo soko limetulia. Makosa ya wapiga mnada tu. Mtu kachoka, jua kali, kakosea tarakimu. Mizani imekwishayashuku, lakini kanuni inataka binadamu athibitishe. Unaubana utambi kwa vidole viwili, unazimika. Soko likifungwa jioni, ulivyozima vyote vinafutwa, na Mizani haitakubali tena bei ya namna hiyo. Ukimaliza, nafasi ya kudumu ni yako. Hata barua nimeshaitunga kichwani."

Somoe aliteremka ukumbini na kuanza. Aliubana utambi wa kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada, vilevile kama mama alivyokuwa akizima mshumaa kabla ya kulala. Ukazimika bila moshi. Akauzima wa pili, na wa tatu, na mwingine. Kila mmoja ulikuwa baridi. Ilikuwa kazi rahisi, na kwa mtu anayeogopa watu ilikuwa na utulivu wake. Alizima nyingi kabla ya kuanza kuona kitu kilichomsumbua.

Makosa hayafanani. Hilo alifundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Aliyechoka hukosea kwenda juu, hukosea kwenda chini, hukosea gunia moja, hukosea mia. Tambi hizi zote zilikwenda juu. Na kila alipougusa utambi akauliza kiasi, jibu lilikuwa lilelile.

"Gunia moja," Mizani ilisema.

"Tena?"

"Gunia moja."

"Mizani, siku hizi zina sauti? Rekodi za mnada?"

"Zipo. Nilizipunguza. Nilibakiza bei na kuondoa ukimya, kwa kuwa ukimya hauna taarifa."

"Rudisha ukimya wa siku hii."

Sauti ilijaa masikioni mwake. Kelele za watu, kikohozi, mtu anadai chenji ya kahawa. Kisha ghafla, kana kwamba mlango umefungwa, kimya. Kimya kirefu. Halafu sauti ya mwanamke, ya chini, si ya kunadi bali ya kubembeleza, kama anayeongea na mtoto mwenye homa: "Bado... bado..."

Somoe alikaa sakafuni katikati ya mishumaa. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu darasa la tatu.

*

Mtu pekee aliyemkumbuka kutoka upande wa dirishani alikuwa Bi Sikudhani, aliyekuwa mnunuzi mkubwa, na aliyejulikana kusini nzima kwa ugumu wa mkono. Sasa alikuwa anaishi Shangani, ghorofa ya tisa, na roboti ya nyumbani aliyoigombeza mchana kutwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapa niangalie." Bi Sikudhani alimshika kidevu. "Mtoto wa Esha. Aibu ya macho umeitoa kwa baba yako, lakini kidevu hiki nakijua. Wewe! Chai hiyo umeichemshia wagonjwa?" Hayo ya mwisho aliiambia roboti, ambayo ilirudi jikoni kimyakimya.

Somoe alimweleza habari za tambi na za gunia moja moja. Mwishoni aliuliza, "Mama alikuwa anakosea, bibi?"

Bi Sikudhani alicheka hadi kikombe kikatikisika.

"Esha akosee? Mimi nilijaribu miaka yote kumkosesha, nikashindwa. Lile lilikuwa gunia la msiba, mwanangu. Hujawahi kuambiwa?"

"Hapana."

"Basi sikiliza. Nyumba ikifiwa, ikianza kuuza mavuno yake baada ya matanga, gunia la kwanza lililetwa peke yake. Mama yako hakutangaza chochote. Alichana kipande cha kanga, akafunga fundo kwenye sikio la gunia. Basi. Sisi tukiliona fundo, tunanyamaza. Halafu anaita chini chini, na sisi tunapandishana bei. Hata mimi. Wakulima waliniita Bi Kupunguza, unajua? Siku ya fundo nilikuwa Bi Kupandisha."

"Ili kuwasaidia."

"Kusaidia kulikuwamo, lakini siyo hasa." Bi Sikudhani alitafuta maneno. "Aliyeshinda ndiye aliyeinuka wa kwanza. Anavuka sakafu mbele ya watu wote, anamfuata mwenye gunia, anampa mkono, anamwambia pole. Wengine wanafuata nyuma yake. Ndicho tulichokuwa tunakinunua. Korosho zilikuwa zilezile. Tulikuwa tunagombea nani aende wa kwanza."

Somoe alishusha kikombe. "Kwa nini hamkuandika popote? Kwenye kumbukumbu pameandikwa bei tu."

"Tuandike nini? Kwamba wafanyabiashara wa Mtwara wana huruma? Tungefilisika kesho yake!" Alicheka tena, lakini safari hii kicheko hakikufika mwisho. "Umeuona wa mama yako?"

"Wa mama?"

"Alipokufa Esha, baba yako alileta gunia. Wewe ulikuja umelikalia juu, miguu inaning'inia. Aliyenadi alikuwa yule kijana msaidizi wake, analia hadi bei hazisikiki. Hakuna gunia lililopanda kama lile. Nilishinda mimi. Mwaka mzima nililia, mchana kwa ajili ya ile bei na usiku kwa ajili ya mama yako. Utauona tu. Hakuna utambi mrefu kuliko huo."

Somoe alikumbuka. Aliikumbuka sakafu iliyojaa vumbi la maganda, na mikono mingi mikubwa ikishuka kwa zamu kutoka juu. Alikuwa amedhani siku zote kwamba ilikuwa ndoto. Kisha akakumbuka kitu kingine, na akasimama ghafla. Utambi mrefu kuliko zote alikuwa ameuona. Aliuchagua mapema asubuhi ile, kwa sababu ulikuwa unazuia mwanga wa nyingine, na aliuzima kwa vidole vyake mwenyewe.

"Bibi, soko halijafungwa, sivyo?"

"Mimi nitajuaje? Sijakanyaga huko tangu walipoondoa kahawa. Kimbia, mwanangu, kimbia! Chai tutakunywa siku nyingine, hii yenyewe mbaya."

*

Alifika mishumaa ya mwisho ya siku inaanza kupoa.

"Mizani, nilivyozima leo. Virudishe."

"Vinasubiri kufutwa. Vyote nivirudishe?"

"Vyote."

Tambi zikawaka tena moja baada ya nyingine, na ule wa mwaka wa darasa la tatu ukapanda juu ya zote hadi kwenye dari. Somoe aliushika kwa kiganja kizima. Ulikuwa baridi kama nyingine, kwa sababu kiasi chake kilikuwa gunia moja tu. Aliendelea kuushika.

Injinia Batromeo alimkuta hapo. "Dada, mbona tunarudi nyuma?"

Kwa kawaida Somoe angetafuta karatasi akaandika, akaiacha mezani na kwenda zake. Safari hii aliongea, ingawa aliongea akiutazama mshumaa badala ya mtu.

"Si makosa, Injinia. Ni bei za kweli. Siwezi kuweka alama ya kosa." Na akamsimulia.

Injinia aliacha kutafuna. "Mimi nimetoka Songea, sikuyajua haya," alisema hatimaye. "Lakini dada yangu, soko si matanga."

"Lilikuwa."

Injinia alimenya karanga moja bila kuila. Hakuwa mtu mbaya, na alipenda mitambo yake iwe na akili kuliko iwe na kasi. Polepole uso wake ukachangamka.

"Basi tuifundishe! Mbona rahisi? Mizani, fungua kundi jipya la bei. Liite bei ya msiba. Daftari la vifo la kila kijiji si tunalo? Nyumba ikifiwa, gunia lake la kwanza linapandishwa lenyewe. Kila nyumba, bila kumsahau yeyote. Zamani mlisahau wangapi? Sasa hatasahauliwa hata mmoja." Alimgeukia Somoe, macho yanang'aa. "Umeipa mashine moyo, unajua?"

Bodi ilifurahi. Somoe alipata barua yake ya kazi. Jioni ile aliiweka kanga ya mama kifuani na akajiambia kwamba kitu kizuri kimeokolewa. Aliamini hivyo mpaka msimu ulipofunguliwa.

*

Gunia la kwanza la msiba lilifika asubuhi yenye mawingu, kutoka Nanyamba. Wahandisi walikusanyika nyuma ya kioo kulitazama. Kibebeo kiliweka gunia kwenye bamba, Mizani ikasoma jina, na juu ya mshumaa mpya wa kijani ukapanda utambi mwembamba, wima, hadi juu. Watu wakapiga makofi. Mtu alimpigapiga Somoe begani.

Kisha mlango wa ukumbi ukafunguliwa, na akaingia mtu.

Hakuna aliyetarajia mtu. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la suti lililombana na msuli kiunoni, vumbi la safari miguuni. Alikuwa amepanda lori pamoja na gunia lake. Alisimama kati ya mishumaa akigeuza kichwa huku na huku, na vibebeo vikampita pembeni kama maji yanavyopita jiwe.

"Hodi!" aliita. "Hodi humu! Wenyewe wapo?"

"Bwana Ausi Nalyoto, karibu," Mizani ilisema kutoka darini. "Gunia lako limeuzwa na malipo yamekamilika. Kwaheri na karibu tena."

"Nataka kurudisha pesa." Aliinua mkono wenye kikuku. "Bei hii imekosewa. Korosho zangu zimenyeshewa, nazijua. Aliyekuwa anaanua ni mke wangu, mimi nilichelewa. Hazistahili hata bei ya kawaida. Sitaki kesho mje mniite mwizi."

"Hakuna kosa. Hiyo ni bei ya msiba."

Bwana Ausi alishusha mkono polepole. "Nani amekuambia nina msiba?"

"Daftari la kijiji."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Mizani."

Alitazama juu, akatafuta uso, akaona dari. "Haya," alisema. Alijaribu kutabasamu kwa adabu, asijue aelekee wapi na tabasamu lake. "Haya, asante." Kisha akakaa juu ya gunia lake, kwenye bamba la kupimia, peke yake katikati ya mwanga ule wote.

Nyuma ya kioo makofi yalikuwa yamekoma. "Tuondoe neno kosa kwenye majibu," mhandisi mmoja alinong'ona. "Tuongeze sentensi ya pole."

Somoe alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Alishuka. Hakujua atasema nini. Alijua tu kwamba alikuwa ameokoa bei na kusahau safari ya kuvuka sakafu, na kwamba safari hiyo haikuwahi kuwamo kwenye kumbukumbu, wala sasa haikuwamo ndani ya Mizani. Alipofika alipo Bwana Ausi alitoa kanga mabegani, akaichana pembe yake kwa meno, akapiga magoti, na kufunga fundo kwenye sikio la gunia.

Bwana Ausi aliliangalia fundo. "Baba yangu alilipata hili," alisema. "Nilikuwa mdogo. Kulikuwa na mama mmoja hapa, amesimama juu ya kreti..."

"Alikuwa mama yangu."

Kibebeo kilikuja kuchukua gunia. Kiliunyoosha mkono, kikagusa fundo, kikasita. Kitambaa hakikuwamo katika vitu kilivyovijua. Kikasimama. Kilichokuwa nyuma yake kikasimama, na cha nyuma yake pia, hadi foleni yote ikaganda mpaka nje kwenye malori. Mishumaa iliacha kukua. Mngurumo wa mitambo, ambao Somoe alikuwa ameuzoea hadi akausahau, ukazimika, na ndani ya Ukumbi wa Soko Kuu pakawa na ukimya mrefu. Aliutambua mara moja. Ulikuwa ukimya uleule wa kwenye rekodi.

Akasimama.

"Gunia," alisema. "Gunia la nyumba ya Bwana Ausi, wa Nanyamba. Bado..."

Injinia Batromeo alikuwa anateremka ngazi kwa haraka. "Somoe! Nini kimekwama? Malori yote yame—" Akaliona fundo. Akamwona mtu aliyekaa juu ya gunia. Hatua zake zikapungua, na kwa kitambo alisimama na mkono mfukoni, kama mgeni asiyejua viatu vinavuliwa wapi. Kisha akatoa mkono, akaupangusa karanga kwenye suruali, akavuka sakafu yote, na kuupeleka mbele.

"Pole, mzee wangu," alisema. "Pole sana. Anaitwa nani mama?"

"Mwanahiba." Bwana Ausi aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa dhahiri kwamba hilo ndilo swali alilolisafiria. "Anaitwa Mwanahiba. Tumeishi naye tangu ujana wetu. Alikuwa mkali kwenye kuanua, wewe! Wingu likitokea Msumbiji, yeye ameshatandika turubai."

"Pole, mzee," alisema mhandisi wa pili, aliyeshuka nyuma yake. Na wa tatu. Ngazini walikuwa wanashuka wengine, mmoja mmoja, wanajipanga bila kuambiwa.

"Kuna kitu nisichokitambua kwenye gunia," Mizani ilisema kutoka juu. "Soko limesimama. Niendelee?"

Somoe aliutazama mstari wa watu. Wa mwisho alikuwa bado juu kabisa ya ngazi, na Bwana Ausi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusimulia habari za turubai.

"Bado," alisema, na sauti yake ikafika ukuta wa upande wa pili.